Pau Mbili Juu ya Bila Turufu

Dalali alipotamka "moja bila turufu" alitamka kidevu juu, kama kawaida yake, utadhani ukumbi ule ni mali yake na wengine wote ni wapangaji. Na haukuwa wake hata msumari. Ulikuwa ukumbi wa klabu ya briji, ghorofani juu ya duka la magodoro, meza zenye kitambaa cha kijani kilichochakaa, feni moja ya kupepea na nyingine ya kupiga kelele tu. Lakini ndiye Dalali huyo. Kazi yake kuuza nyumba za watu, na mtu akishazoea kuuza nyumba za watu, kila dari anaiangalia kwa jicho la bei.

Kwa asiyeujua mchezo, briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako hukaa ng'ambo ya meza mkitazamana. Kabla ya karata kushuka kuna mnada. Kila mtu anatamka kwa zamu, na kwa matamko hayo mwenzako anakisia umeshika nini. Anayesema "moja bila turufu" anajigamba: nina karata nzito, kila rangi nimejaa, pau, uru, kopa na shupaza, msinisogelee. Wapinzani wakitaka kumsogelea, lazima wawe wamepatana tangu nyumbani kwao kwamba tukisema hivi, maana yake vile. Mapatano ni ruksa, tena wengine wana mapatano mengi kuliko akili. Ila yasifichwe. Karata ndizo siri, lugha ni ya wote. Mpinzani akikuuliza tamko la mwenzako lina maana gani, unamjibu ukweli mtupu, na mwenzako huko ng'ambo hafungui mdomo wala hakunji uso.

Kushoto kwa Dalali alikaa wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke mkavu wa maneno ambaye watu humwita Mama Jalada kwa sababu ndiye anayejalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji cha familia. Mkononi alikuwa na pau saba, nzuri za kutosha. Akatamka, "Pau mbili."

Mwenzake Dalali alikuwa Mhasibu, mtu wa kukokotoa hata mate kabla ya kuyameza. Aliziangalia karata zake, akaziangalia tena, kisha akamgeukia mume wa Mama Jalada. "Mzee, hiyo pau mbili ina maana gani?"

Huyu mume ndiye Mchapaji. Alijibu papo hapo, kwa sauti ya mwalimu. "Ni mapatano. Pau hana huyo. Ana kopa na shupaza."

Mama Jalada akazibana karata zake vidoleni.

Kwa sababu mapatano hayo yalikuwa yamekufa na kuzikwa. Zamani walikuwa nayo, ni kweli, tena Mchapaji mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu wa klabu, akichora ubaoni jinsi ya kumvuruga mtu aliyefungua bila turufu. Lakini tangu mwaka jana alianza kuyachanganya. Leo pau mbili ni kopa na shupaza, kesho ni rangi moja ndefu isiyotajwa, keshokutwa anauliza zamu ni ya nani. Mama Jalada akawa anayapunguza mapatano yao moja moja, kama mtu anayeondoa vyombo vya kuvunjika mezani kabla mtoto hajavifikia. Mwisho akafuta hata ya kujibu bila turufu. "Kuanzia leo," alimwambia mumewe, "pau ni pau, kopa ni kopa. Tumezeeka, tucheze kirahisi." Klabuni wakawacheka. Dalali akauliza mbele za watu kama wamerudishwa chekechea. Mama Jalada akacheka pamoja nao, meno yote nje, huku kimoyomoyo akimlaani wifi yake na vyote alivyowahi kuuza.

Basi Mhasibu alikuwa na kopa sita, na aliposikia kopa ziko kwa Mama Jalada akaona zake hazina njia. "Napita," akasema.

Ikawa zamu ya Mchapaji. Mkononi alikuwa na shupaza nne na pau mbili za kusikitisha. Mtu aliyetoka kusema sasa hivi kwamba mkewe ana shupaza, na yeye ana nne, atasema nini? Shupaza mbili, hata mwanafunzi wa juzi anajua. Mchapaji akakuna sikio, akaziangalia karata zake kwa upole, akasema, "Napita."

Dalali naye akapita, macho yamemtoka. Mnada ukaisha pale, na Mama Jalada ndiye wa kucheza, turufu pau.

Sasa kuna sheria hapa, na ni sheria nzuri. Mkishinda mnada, na mwenzako amewaeleza wapinzani uongo kwa kukosea, una wajibu wa kusema kabla karata ya kwanza haijaanguka: samahani, mwenzangu amekosea, mapatano hayo tuliyaacha. Basi. Msimamizi anaitwa, mambo yanarekebishwa, watu wanaendelea na chai yao. Mama Jalada alikuwa nayo maneno hayo ulimini kabisa. Akamtazama wifi yake, akamwona anavyomkodolea kaka yake macho, akajua akisema tu "amekosea" swali la pili litakuwa "amekosea vipi?" na la tatu "tangu lini anakosea?" Akayameza.

Alikula mara tisa, moja zaidi ya alizoahidi mnadani, kwa kuwa pau zilikuwa nyingi. Upande wa pili Mhasibu alibaki na kopa zake sita ambazo zingewapa mchezo mzima. Karata zilipofunuliwa Dalali alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Ala! Pau saba? Huyu ndiye hana pau?" Akamgeukia kaka yake. "Kaka, umetuambia kopa na shupaza. Umeshika shupaza nne. Umepita! Ulijua! Mlijua wote wawili!"

"Nilijua nini?" akauliza Mchapaji.

"Na wewe, wifi! Umekaa kimya kama hukusikia! Wezi nyie! Wezi wa mchana kweupe!"

Meza zote zikageuka. Mama Jalada akakusanya karata zake taratibu, akazilinganisha kingo, kazi yake hiyo, akasema, "Peleka malalamiko yako kwenye kamati, wifi. Usinirushie mate."

"Nitapeleka. Tena leo hii hii."

Akapeleka. Kikao kikapangwa Jumamosi.

Niseme hapa kwa nini Mama Jalada alikuwa tayari kuitwa mwizi kuliko kusema maneno mepesi kama "mume wangu anasahau." Kiwanda kile alikianzisha babu yao Mchapaji na Dalali. Babu alipozeeka akili zilimtoka, akagawa mashine kwa mtu wa njiani aliyemwambia ni rafiki wa utotoni. Kiwanda kilikaribia kufa. Mwanawe, ndiye baba yao, alikijenga upya kwa jasho, na alipokuwa kitandani mwake mwa mwisho aliwaita watoto wake wawili mbele ya ukoo mzima akatoa neno lake: kiwanda atakishika mkubwa, maadamu kichwa chake kiko sawa. Siku kikitetereka, mdogo ndiye ataamua jengo lifanywe nini, bila mjadala. Hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Mchapaji enzi hizo alikuwa anakumbuka hata namba za herufi za risasi za kuchapia zilizopotea.

Na mdogo ndiye Dalali, na Dalali alishapata mtu wa kulinunua jengo alibomoe, afanye maegesho ya magari. Hakuficha. Alilisema kwenye misiba, alilisema kwenye harusi. "Karatasi imekufa," alikuwa akisema, "watu wanasoma kwenye simu, na nyie mmekalia kiwanja cha dhahabu mnapaka gundi."

Mama Jalada aliona mbali zaidi ya maegesho. Aliona mumewe asubuhi, ambaye nyumbani alikuwa ameuliza mara ngapi sijui kama ameshakunywa chai, akiingia kiwandani na kuwa mtu mwingine. Pale kwenye mashine hakuwa na tatizo. Alisikia karatasi ikienda upande kabla haijakwama. Alichanganya wino kwa jicho, na rangi ikatoka ile ile ya mwaka jana. Mwondoe pale, umpeleke wapi? Akakae kwenye kochi? Hapana. Alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba siku mumewe atakapoacha kuitambua ile mashine, siku hiyo ndiyo Dalali atapata jengo lake, si kabla. Mpaka wakati huo yeye ndiye aliyeshika simu yake, ndiye aliyeendesha gari, ndiye aliyemmalizia sentensi watu wakadhani ni mke mwenye domo. Walimsema sana. Akawaacha waseme.

Siku chache kabla ya kikao Dalali alikuja kiwandani. Mama Jalada alikuwa kwenye meza yake ya kujalidi, sindano mkononi, gundi imemkauka vidoleni. Alimsikia kwa viatu kabla ya kumwona.

"Habari za kazi, wifi."

"Zilikuwa nzuri."

"Sikuja kugombana."

"Basi umepotea njia. Mlango ni ule ule ulioingilia."

Dalali akavuta kiti, akakipangusa kwa kitambaa kana kwamba kina ukoma, akakaa. "Nimekuja kukusaidia kufikiri. Jumamosi mtaulizwa swali moja tu. Kaka alisema kopa na shupaza, ana shupaza nne, akapita. Kwa nini? Majibu ni mawili, wifi, la tatu halipo. Ama alijua ni pau, mkatuibia. Ama hakujua anachosema wala anachofanya. Ukichagua la kwanza, mnafukuzwa klabuni, na picha ya kaka, waliyoitundika kwa kuwafundisha mchezo, inashushwa ukutani. Ukichagua la pili, Jumatatu nakuja hapa na mpima kiwanja."

"Na wewe mwenyewe unaamini lipi?"

"Mimi?" Dalali akacheka. "Mimi naamini wewe ni mwizi. Kaka yangu kichwa chake ni kizima kuliko vyetu vyote, kosa lake moja tu maishani, alikuoa wewe. Umemfundisha kuiba kwenye karata. Ila ukipenda kumwita kichaa ili ujiokoe, sitakuzuia. Kwangu faida."

"Toka."

"Natoka. Nilitaka tu kukuona usoni."

Kabla hajatoka, Mchapaji alitokea nyuma ya mashine akifuta mikono, uso umemng'aa. "Dada! Umekuja na hukunisalimia? Umekula?"

"Nimekula, kaka."

"Muongo. Ukiwa na njaa pua yako inasinyaa, tangu mtoto." Akacheka, na Dalali naye akacheka, kicheko cha kweli, kikamtoka bila kutaka. Mama Jalada alichukia kukisikia. Mchapaji akamshika dada yake bega. "Mambo ya Jumamosi yasikuumize kichwa. Hawa watu wa kamati watatuelewa. Mimi nilisema pau. Nilimwambia Mhasibu, ana pau nyingi, akanielewa vizuri tu."

Dalali akamtazama kaka yake, kisha akamtazama wifi yake kwa jicho kali. "Umemfundisha mpaka jibu," akasema, akaondoka.

Jioni ile, nyumbani, Mama Jalada alimkalisha mumewe jikoni. "Jumamosi niachie mimi niseme. Wewe usifungue mdomo. Niahidi."

"Kwa nini ninyamaze kwenye kesi yangu mwenyewe?"

"Kwa sababu nakuomba."

"Haya. Nakuahidi."

Lakini ahadi ya mtu anayesahau ni ya nani? Alimwahidi Jumatano, Alhamisi akauliza Jumamosi kuna nini. Mama Jalada akamweleza tena, akaahidi tena. Ijumaa vilevile. Mama Jalada alikuwa amechoka kiasi kwamba alimfokea mumewe kwa ajili ya kijiko, halafu akaenda bafuni akafungulia maji ili asisikike akilia. Usingizi haukumjia, na alfajiri akawa ameshakata shauri. Wahenga walisema heri lawama kuliko fedheha. Klabu ilikuwa mchezo. Wapoteze mchezo, wabaki na kazi.

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulijaa, hata wale ambao hawajagusa karata tangu waoe walikuja. Fitina ina mvuto wake. Jua lilikuwa limepiga madirisha mpaka watu wanajipepea kwa daftari. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Daktari wa Meno, mtu mpole mwenye tabia ya kukutazama mdomoni unapoongea. Alimpa Dalali nafasi ya kwanza, na Dalali akaeleza mkono ule karata kwa karata, bila kuongeza chumvi. Haukuhitaji chumvi. Mhasibu akathibitisha. "Nilijua wameacha mapatano yao," akasema, "lakini ukimwuliza mtu akakujibu, unaamini. Mimi sikuwa na sababu ya kutoamini. Yule mzee ndiye aliyenifundisha mchezo huu."

Daktari wa Meno akamgeukia Mama Jalada. "Mama, mumeo alieleza kinyume. Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ulijua una wajibu wa kusahihisha kabla karata haijashuka?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Dalali alikuwa ameegemea mbele, mikono magotini. Mchapaji, kando ya mkewe, alikuwa anasoma bango la magodoro kupitia dirishani, midomo inachezacheza. Mama Jalada akasimama.

"Kwa sababu tulikuwa na mapatano ya siri," akasema. "Niliyatunga mimi. Nikisema pau mbili juu ya bila turufu, yeye awaambie ni kopa na shupaza, kisha apite. Ni hila yangu. Yeye alifuata tu. Adhabu yoyote mtakayotoa, naipokea."

Kelele zikazuka. Mtu mmoja nyuma akasema "Khaa!" kwa sauti ya kuumia kabisa, kama aliyeibiwa yeye. Dalali hakufurahi, na hilo Mama Jalada aliliona vizuri sana, likampa raha ya kishetani. Wifi yake alikuwa anauona mlango wa kiwanda ukifungwa mbele ya pua yake. Chukua, akamwambia kimoyomoyo. Chukua klabu yote, na meza zake, na feni yake mbovu.

Halafu Mchapaji akageuka kutoka dirishani.

"Umesema nini?"

"Kaa, mume wangu. Yameisha."

"Umesema mimi nimeiba?"

"Nimesema ni mimi. Kaa tafadhali."

Mchapaji akasimama. Hakuwa mtu wa hasira, na waliomjua walikuwa hawajawahi kumwona hivi, shingo imevimba, kidole hewani. "Mimi nimekaa kwenye meza hizi na watu wenye vyeo na wasio navyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunihesabia karata! Mimi! Unanisimamisha mbele za watu unaniita mwizi?"

"Sikukuita..."

"Mwizi ni wewe! Umesema mwenyewe, wamesikia wote!" Mama Jalada alinyoosha mkono amshike kiwiko kama alivyozoea, Mchapaji akauvuta mkono wake kwa nguvu. "Usiniguse! Sikai na mwizi, silali na mwizi. Toka mbele yangu!"

Akakanyagakanyaga katikati ya viti mpaka akafika kwa Dalali. Hapo hasira ikamtoka ghafla. Alibaki amesimama, akipepesa macho, akitazama nyuso za watu moja moja kama mtu aliyeamshwa ndani ya basi. Akamshika dada yake mkono, vidole kwa vidole, wanavyoshikana watoto.

"Dada, twende nyumbani," akasema. "Jua limezama, na mama anatungoja."

Jua lilikuwa linawachoma watu migongo. Feni ile nyingine ilipiga kelele zake. Dalali akasema, polepole, "Mama gani, kaka?"

"Mama. Mama yetu. Wewe vipi?" Akamvuta kidogo. "Ametukataza kuvuka barabara kukiwa giza. Twende, mimi nitakushika."

Mama yao alizikwa wakati Dalali bado anavaa sare za shule. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mhasibu aliinamisha kichwa akaanza kuviangalia viatu vyake. Daktari wa Meno aliweka kalamu chini, akamwambia Mama Jalada bila kumtazama mdomoni wala popote, "Mama, hayo uliyotuambia kuhusu hila..."

"Niliyosema nimesema."

"Si kweli, mama."

"Andika hivyo hivyo!"

Dalali alikuwa bado ameshikwa mkono. Rangi ilikuwa imemshuka, lakini wifi ni wifi, na alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ya kisu. "Tangu lini?"

Mama Jalada akaitazama ile mikono miwili iliyoshikana.

"Nakuuliza, tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Tangu mvua za mwanzo."

"Na daktari anasemaje?"

Mama Jalada akajikwangua gundi kavu kidoleni.

"Wifi, daktari anasemaje? Wamempima nini? Anakunywa dawa gani?"

"Hajaenda."

"Hajaenda wapi?"

"Hajaenda kwa daktari. Yeyote." Mama Jalada alijisikia akilisema neno hilo mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza lilimfikia na yeye mwenyewe. "Ningempeleka, ungejua. Una watu kila hospitali, una mdomo kila mtaa. Ungekuja na mpima kiwanja wako kabla hajashuka kitandani. Kwa sababu yako wewe nilimficha! Wewe na maegesho yako!"

"Mwaka mzima?" Dalali hakupaza sauti. "Nilitaka kuuza jengo, ndiyo. Matofali. Wewe umemwacha kaka yangu aoze kichwa ili mimi nisipate matofali?"

"Usinifundishe kumpenda mume wangu!"

"Kuna maradhi ya namna hii," akasema Daktari wa Meno kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, "ambayo yakiwahiwa yanatibika kabisa. Si yote. Lakini yapo."

Angekuwa na huruma asingelisema pale. Lakini alilisema, na Mama Jalada akakaa chini kwenye kiti ambacho hakikuwa chake. Alijaribu kukumbuka ni lini hasa aliamua kutompeleka, akaona hakuwahi kuamua. Alikaa kimya tu, siku moja, na siku ya pili ikawa rahisi zaidi, kama pale mezani, maneno yako ulimini na kila mtu anasubiri karata ya kwanza.

"Dada, tunachelewa," akasema Mchapaji.

"Twende, kaka."

Watu wakawapisha. Walitoka wameshikana mikono, yule kaka mkubwa akiongoza asijue anakoongoza. Mama Jalada akainuka, akaokota miwani ya mumewe aliyoiacha kitini, akawafuata. Alipowafikia kwenye ngazi, hatua chache nyuma yao, mdomo wake uliozoea kumalizia watu sentensi haukupata hata moja ya kuanzia. Chini dukani mtu alikuwa anapiga godoro vumbi limtoke.

Mchapaji alisikia viatu nyuma yake. Akageuza kichwa, akamtazama mkewe usoni, miwani mkononi, akamtazama vizuri kabisa. Kisha akamwinamia dada yake sikioni, lakini hakuwa anajua tena kunong'ona.

"Dada, yule mama mwizi bado anatufuata?"

Dalali hakugeuka. "Anatufuata, kaka," akasema. "Shika ukingo, ngazi hizi ni mbaya."